Refa, dogo wa miaka 14 akiingia mechi ya watu wazima na wewe unahusika

Timu ya maveterani imepungua mtu, pembeni kuna dogo wa miaka 14 anaujua mpira kuliko nusu ya waliovaa jezi, anaitwa, anaingia, refa anapuliza kipyenga. Kwenye mabonanza yetu Tanzania ni kawaida sana hii, na sisi tunaoshughulika na sheria za michezo inatutisha, maana dogo akivunjika mguu lawama zinaenda kwa kapteni tu wakati refa naye yumo.

Marefa wengi wanajitetea na Sheria ya 5 ya mpira wa miguu, kwamba mwamuzi hawajibiki kwa majeraha ya mchezaji. Kweli imeandikwa hivyo, lakini hiyo ni kanuni ya mchezo sio sheria ya nchi, na kesi ya uzembe ikifika mahakamani swali ni kama ulichukua tahadhari ambazo refa makini angechukua. Uingereza mwaka 1991 kijana wa miaka 17 alivunjika shingo kwenye raga ya vijana, skramu (pale wachezaji wa timu zote mbili wanapoinama na kusukumana kugombea mpira) zilikuwa zimeshaporomoka zaidi ya mara 20 na mechi inaendelea tu, na mwaka 1996 mahakama ikasema refa anawajibika. Sio kwamba alipitiwa sekunde moja, hilo mahakama ilisema halitoshi, kilichombana ni hatari inayojirudia mbele yake na kanuni za kulinda vijana hakuzisimamia. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu ila wakili anaweza kuitumia kushawishi.

Na msitegemee karatasi ya "nacheza kwa hiari yangu" aliyosaini dogo mwenyewe, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto.

Kriketi ya Uingereza wametutangulia kidogo, mtoto wa chini ya miaka 15 akisogelea sana mpigaji mwamuzi anatakiwa asimamishe mchezo hapohapo hata kama kavaa helmeti. Kwetu anza na kuuliza umri kabla ya mechi, waulize makapteni wote wawili, mzazi yuko wapi, vilinda ugoko vipo? Ukimgundua katikati ya mchezo subiri mpira utoke, waite makapteni, dogo atoke. Wakikataa usiendelee kuchezesha, hata kamati ikununie, na andika kwenye ripoti dakika uliyosimamisha na kapteni aliyekataa.