Gharama ya kuisha kwa madini ni nini?

Asubuhi kwenye Thika Road malori ya mawe hutoka upande wa Juja yakiingia Nairobi, yamebeba mawe ya Ndarugo ya kujengea fleti. Tuseme mzee mmoja huko ana timbo. Mwaka huu, akishalipa vibarua na dizeli, amebaki na shilingi milioni moja. Je, amepata milioni moja? Jirani yake anayeuza maziwa akishika milioni yake, ng'ombe bado wako zizini. Mzee wa timbo amebaki na shimo. Sehemu ya hela yake ni kipato, na sehemu nyingine ni shamba lenyewe, ameliuza jiwe kwa jiwe. Sehemu hiyo ya pili ndiyo gharama ya kuisha kwa madini.

Pato Ghafi la Taifa haliioni gharama hiyo. Kule Kwale mchanga wa titani ulichimbwa hadi Desemba 2024, na kila tani iliyopakiwa melini ilihesabiwa kuwa pato, bila kutoa thamani ya kilichopungua ardhini. Hata pato halisi, lile linalotoa uchakavu wa mashine, kwa kawaida limeuacha mgodi nje. Tingatinga linachakaa, mgodi hauchakai! Mwongozo mpya wa kimataifa wa hesabu za taifa, uliopitishwa 2025, ndio unaotaka kuisha kwa maliasili kuhesabiwe kama gharama.

Kuipima kuna njia zaidi ya moja. Iliyo rahisi huchukua bei ya tani, ikatoa gharama za kuichimba pamoja na faida ya kawaida ya mtaji, kisha ikazidisha kwa tani zilizotoka. Inakaza mno: chote kinachosalia inakiita hasara, kana kwamba mwenye mgodi hana cha kula.

Mwaka 1989 Salah El Serafy, mchumi wa Benki ya Dunia, alipendekeza kugawa. Tuseme timbo la mzee lina miaka mingine 10 baada ya huu, na akiba huzaa asilimia 5. Takriban 585,000 katika ile milioni ni mtaji, 415,000 ndiyo kipato. Akiziweka hizo 585,000 kila mwaka, mawe yakiisha riba itamlipa 415,000 kila mwaka, yeye na wajukuu. Kama ingebaki miaka 50, gharama ingeshuka hadi kama 83,000 tu.

Ugumu uko kwenye tarakimu zinazoingizwa. Miaka iliyobaki inahitaji kujua akiba iliyo ardhini, na mara nyingi anayeijua vizuri ni mchimbaji mwenyewe. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Migori nyingine haipiti kwenye daftari lolote. Riba nayo ni ya kuangaliwa kwa jicho kali: ukiiweka asilimia 10 badala ya 5, gharama ya mzee inateremka hadi kama 350,000 bila jiwe hata moja kurudi shimoni. Mimi nikiona ripoti yenye gharama ndogo, huanza kwa kuuliza riba waliyotumia.

Ziwa Magadi ni kisa cha pekee. Chemchemi zake za maji moto huliletea magadi mapya, kwa hiyo uchimbaji usipozidi kasi ya chemchemi, miaka iliyobaki haina mwisho na gharama inakaribia sifuri.