Ahmedabad, mji uliojengwa kulikwepa jua

Wanaofunga safari ya India kwa matibabu, masomo au biashara hutuuliza sana kuhusu Taj Mahal. Sisi tunaohangaika na nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, huwajibu: kama una siku 3 tu, nenda Ahmedabad, jimbo la Gujarat. Ile milango yetu ya mbao iliyogawanywa miraba miraba na kupigwa njumu za shaba huitwa milango ya Kigujarati, na ni vizuri kuona ilikotoka. Mji huo ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, na mwaka 2017 ukawa mji wa kwanza wa India kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwezi Mei joto lake hupita nyuzi 40. Ukilikumbuka hilo, majengo yake utayaelewa hata bila kiongozi.

Msikiti wa Sidi Saiyyed ni mdogo, na leo umezungukwa na barabara yenye kelele za bajaji. Ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573. Mwenyewe Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi aliyefika Gujarat akitokea Yemen, akamtumikia jemadari Bilal Jhajar Khan, Mhabeshi mwenzake. Ukuta wa kibla una madirisha ya nusu duara yaliyozibwa kwa jali, yaani mawe yaliyotobolewa mpaka yakawa kama kimia. Kwenye jali moja fundi amechonga mti ambao matawi yake yanajiviringa na kupishana, na mnazi au mtende umepenya katikati. Usidhani ni pambo tu. Tundu hizo hupunguza makali ya mwanga na kuupitisha upepo, hivyo anayeswali hupata ubaridi wakati nje lami inaungua. Dirisha la katikati limezibwa kwa mawe matupu. Inasimuliwa kwamba jeshi la Akbar, mfalme wa Wamughal waliotawala kaskazini mwa India, liliingia Gujarat kabla mafundi hawajamaliza kazi. Habari hiyo inaaminika, maana miaka ya ujenzi na ya vita ni ileile.

Watu wenye asili ya Afrika wangalipo Gujarat, wanaitwa Masidi. Ngoma yao wanaiita goma. Sina haja ya kukutafsiria.

Kutoka hapo si mbali kwa miguu hadi Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424, wenye nguzo 260 zilizosimama kama msitu. Zitazame kwa karibu: uchongaji wake ni wa mafundi wa mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini, dini nyingine ya kale ya India, waliopewa kazi ya msikiti wakaifanya kwa mikono waliyoizoea. Manispaa ya mji ina matembezi ya asubuhi yaliyoanza mwaka 1997, yanayotoka hekalu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia msikitini hapo. Yafuate, kwa sababu yanapita ndani ya pol.

Pol ni mtaa wa ukoo au wa watu wa kazi moja, wenye lango lake na vichochoro vyembamba kiasi kwamba jua hugusa chini kwa muda mfupi tu. Aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu hatashangaa. Nyumba ni za mbao zilizochongwa, zina ua wa ndani, na chini ya ua pana birika la maji ya mvua liitwalo tanka, neno ambalo wanaisimu hulihusisha na hili tangi letu. Utaona pia nguzo zenye kijumba juu, za kulishia ndege. Nyingi ya nyumba hizi zinaoza, warithi wakiwa wengi na fedha hakuna. Na hilo pia tunalijua.

Kama muda ni mdogo, minara inayotikisika ya msikiti wa Sidi Bashir iruke, kwani hairuhusiwi kupandwa. Nenda Adalaj, takriban kilomita 18 kaskazini mwa mji, ukaone kisima cha ngazi cha mwaka 1499. Unashuka ghorofa 5 ardhini kati ya nguzo zilizochongwa, na kila ghorofa ubaridi unaongezeka. Wanawake walikuja hapa kuteka maji, wasafiri wakapumzika vibarazani. Kikiwa kimejaa watu, kipo cha Bai Harir huko Asarwa, ndani ya mji, chenye maandishi ya Kisanskriti na Kiarabu.

Wageni wengi huondoka hapo, na hukosea. Mwaka 1954 msanifu majengo Le Corbusier aliwamalizia wenye viwanda vya nguo jengo lao kando ya mto Sabarmati. Upande wa magharibi mbao za zege zimewekwa mshazari ili kulizuia jua la jioni, na upande wa mto zimenyooka kuuelekea mto zikaribishe upepo. Ni jali ileile, kwa zege. Louis Kahn naye alianza chuo cha menejimenti mwaka 1962 kwa matofali ya kuchoma, akakata matundu makubwa ya duara kwenye kuta nene na kuacha njia za kivuli kati ya madarasa. Alifariki New York mwaka 1974 akiwa anarejea kutoka mji huu. Mwenzao mwenyeji, Balkrishna Doshi, alipata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2018. Kuingia chuo hicho cha Kahn, omba ruhusa mapema.

Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Chukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano, viatu vyepesi kuvua na nguo za kufunika mabega. Msikiti wa Sidi Saiyyed uwe wa mwisho, saa 10 alasiri au baadaye kidogo, jua likiwa limegeukia ukuta wa kibla na kuuchora ule mti sakafuni. Wanawake huenda wakaombwa wasiingie panaposwaliwa. Zungukeni nyuma, jali inaonekana wazi kutoka nje.