Je, wajua kwa nini saruji huziumiza nyumba za mawe za Mji Mkongwe?

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia Shangani hadi Malindi, utaona kuta zilizobanduka plasta vipande vipana, mawe yakiwa wazi. Jibu linalomjia mtu haraka ni kwamba nyumba zimezeeka na chokaa ni kitu dhaifu, basi zipigwe plasta ya saruji zipate nguvu.

Nami niliamini hivyo kwa miaka. Nimesomea uhandisi wa majengo, na darasani nguvu ya ukuta tuliipima kwa mzigo inaoubeba kabla ya kupasuka. Kwa kipimo hicho saruji inaiacha chokaa mbali sana. Lakini ukuta wa nyumba ya ghorofa mbili, wenye unene wa nusu mita au zaidi, una nguvu za kubeba mzigo wake na akiba juu. Shida yake ni maji, na kwenye maji saruji na chokaa hubadilishana nafasi.

Kwanza, ushahidi kwamba chokaa si dhaifu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una sehemu za karne ya 11 au ya 12, na Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya mwamba kandokando ya bahari, ni la karne ya 14. Yote ni matumbawe na chokaa. Saruji tuitumiayo leo ilipata hataza yake, yaani hati ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1824. Kuta za Kilwa zimepigwa na chumvi na masika kwa karne nyingi bila kuijua, na nyingi bado zimesimama hata baada ya kuhamwa.

Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Moto wa tanuri huyatoa hewa ya kaboni. Mafundi wakishaizima kwa maji na kuipiga ukutani, chokaa huirudisha hewa ile ndani polepole na kugeuka jiwe tena. Kazi hiyo huchukua miezi, mahali pengine miaka. Ufa mwembamba ukitokea, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa, na ufa hujiziba. Kila nikiiona alama ya ufa uliojiziba hivyo husimama kuutazama.

Sasa maji. Fikiria mtungi wa udongo. Maji yaliyo ndani hupenya vitundu vyake, hufika nje, hukauka kwa upepo, na ndiyo sababu hukaa baridi. Mtungi daima una unyevu, wala haudhuriki. Upake nje rangi ya mafuta: utaonekana mkavu na safi, lakini maji hayana pa kutokea. Ukuta wa matumbawe ni mtungi huo. Hunywa maji kutoka ardhini, hunywa mvua, hunywa ya bomba linalovuja, kisha huyatoa kupitia plasta ya chokaa. Plasta ya saruji ni ile rangi ya mafuta. Ni ngumu, haifuati ukuta unapojongea, hivyo hupata nyufa nyembamba. Mvua huingia kwa nyufa hizo na hushindwa kutoka. Na ukiipiga chini ya ukuta kuzuia unyevu wa ardhini, unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta njia.

Maji hayo hubeba chumvi. Ni kisiwa, na mawe na mchanga vimetoka baharini. Maji yanapokauka, chumvi huganda kuwa punje, na punje inayokua ndani ya kitundu cha jiwe husukuma. Kwenye chokaa hutokeza usoni kama unga mweupe, unaufagia. Nyuma ya saruji hujikusanya. Gonga kwa ngumi plasta ya namna hiyo: inalia kama ngoma, maana imeshaachana na ukuta. Nimewahi kubandua kipande chenye ukubwa wa sinia. Kilikuja kizima, kigumu, na nyuma yake jiwe lilichuruzika kama sukari.

Hapo bado nyumba haijaanguka. Inayoiangusha ni boriti. Sakafu za Mji Mkongwe zimelazwa juu ya boriti za mkoko, na ndizo zilizoamua kwamba vyumba vingi visizidi upana wa mita 3 hivi. Ncha zake zimezikwa ukutani, nazo huzishika kuta mbili zisiachane. Ukuta usiokauka huziozesha ncha hizo mahali ambapo jicho halifiki. Katikati ya chumba boriti ni ngumu kama chuma, ukutani bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Ukuta uliokosa wa kuushika hutoa tumbo upande wa kichochoro. Mara nyingi juu yake kuna simtanki ya lita 1,000, yaani tani moja ya maji ambayo aliyeijenga nyumba hakuifikiria.

Mafundi wazee hulieleza kwa kanga. Ukiishona kanga kuukuu kwa uzi wa nailoni, uzi haukatiki, kanga ndiyo inayochanika kando ya mshono. Kiraka cha ukuta kiwe laini kuliko ukuta.

Lakini saruji isibebeshwe lawama ya kila ukuta ulioanguka. Nyumba ya chokaa tupu yenye paa linalovuja nayo huanguka, na zipo zenye plasta ya saruji ambazo, kwa kuwa paa ni zima na ardhi ni kavu, zimekaa miongo bila tatizo. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 na Sultan Barghash, sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Lina nguzo za chuma na roshani pana. Mwendo wake si wa nyumba ya mtaani, na halifai kuwa mfano wa ninayoeleza hapa.

Nyumba ile ya kipande cha sinia tuliivua saruji yote, tukauacha ukuta uchi msimu mzima wa kaskazi. Kila asubuhi mwenye nyumba, bibi wa makamo, aliufagia unga mweupe kwa ufagio wa chelewa, akiniuliza lini utakwisha. Ulipopungua, fundi alianza kupiga chokaa tabaka jembamba jembamba, na mbele ya ukuta akatundika magunia yaliyoloweshwa maji ili jua lisiikaushe upesi.