Umbali wa Safari ya Ndege na Muda Wake: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba njia fupi kati ya viwanja viwili vya ndege ni mstari ulionyooka juu ya ramani. Ukiweka rula kati ya London na Los Angeles kwenye ramani ya ukutani, mstari utakatiza Atlantiki na katikati ya Marekani. Ndege, hata hivyo, hupanda kaskazini na mara nyingi hupita juu ya Greenland, na abiria anayeifuatilia kwenye skrini hudhani kwamba rubani anazunguka. Hazunguki. Njia fupi juu ya tufe ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Sehemu mbili zilizo kwenye latitudo 60 kaskazini, zikitazamana pande mbili za dunia, zinatenganishwa na takriban kilomita 10,000 kwa kufuata mstari wa latitudo, ilhali kwa kupitia Ncha ya Kaskazini ni takriban 6,700 tu.

Dhana ya pili inavutia zaidi, na hata waliosoma huishikilia: kwamba ndege iendayo magharibi huwahi, kwa kuwa dunia hujizungusha kuelekea mashariki na hivyo mji iendako unaijia. Mambo ni kinyume. Angahewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege huwa imo katika mwendo huo hata kabla ya kuruka. Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni mikondo ya upepo mkali wa anga za juu, ambayo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndiyo maana safari ya New York hadi London huchukua takriban saa 7, na kurudi takriban 8. Mnamo Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya abiria ilifika London kwa chini ya saa 5, ikipita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa bila kuvuka kasi ya sauti, kwa sababu hewa iliyoibeba nayo ilikuwa mbioni.

Kwa hiyo, ili kupata muda wa safari, kugawanya umbali kwa 900, yaani kasi ya kawaida ya ndege ya abiria kwa kilomita kwa saa, hakutoshi. Muda wa kwenye tiketi hujumuisha pia mwendo wa ardhini, na anga iliyofungwa hurefusha njia: tangu 2022, Helsinki hadi Tokyo imepanda kutoka takriban saa 9 hadi 13.

Wapo pia wanaotoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika. Aondokaye Tokyo saa 11 jioni huweza kutua Los Angeles saa 5 asubuhi ya tarehe ileile, ingawa amekaa angani takriban saa 10. Tiketi huonyesha saa za kila mji. Sharti kwanza zibadilishwe ziwe za mji mmoja, ndipo hesabu ifanywe.