Missouri 34, Kansas 31: jinsi ya kusoma matokeo ya kikapu ya 1907

Mimi ni refa wa kikapu hapa Dar, mwaka wa kumi na moja huu napuliza filimbi, na kitu nachokipenda sana kwenye hii kazi ni sheria za zamani. Juzi kwenye mafunzo ya marefa kijana mmoja akanionyesha kwenye simu mechi ya kwanza kabisa ya Kansas na Missouri, timu za vyuo vikuu vya majimbo mawili ya Marekani, tarehe 11 Machi 1907, Missouri 34 Kansas 31, akasema mwalimu, hawa watu si walikuwa hawajui kufunga? Nikamwambia kaa hapa, tuongee.

Kwanza ujue hao ni majirani wenye historia nzito. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Missouri ilikuwa na utumwa na Kansas ikawa inagombaniwa, iwe na utumwa au isiwe nao, watu wakauana mpakani miaka na miaka. Mji wa Lawrence, ambao ndio chuo kikuu cha Kansas kipo, ulichomwa Agosti 1863 na kundi la wapiganaji wa William Quantrill lililotokea upande wa Missouri, wanaume na wavulana kama 150 hivi wakauawa asubuhi moja. Kutoka hapo mpaka hiyo mechi ni miaka 44 tu, yaani mtu aliyeona nyumba yao inaungua akiwa na miaka kumi alikuwa bado hajafika hata sitini. Futiboli ya Kimarekani walishaanza kukutana tangu 1891, kikapu ndo kikafuata.

Missouri ilikuwa msimu wao wa kwanza wa kikapu. Na Kansas kocha wao alikuwa nani? James Naismith mwenyewe! Yule Mkanada aliyebuni huu mchezo Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, kwa vikapu vya kubebea matunda na mpira wa soka. Alifika Lawrence 1898, mechi yao ya kwanza Februari 1899 wakapigwa 16-5 na timu ya YMCA ya Kansas City, na mpaka anaacha ukocha 1907 alikuwa ameshinda 55 na kupoteza 60. Watu hupenda kuicheka hiyo rekodi, mimi siicheki hata kidogo. Yule mtu alikuwa daktari na mwalimu wa mazoezi ya mwili, mchezo aliutengeneza ili vijana wawe na kitu cha kufanya ndani kipindi cha baridi, sio ili kuhesabu ushindi.

Haya sasa turudi kwenye 34-31. Ukiisoma kwa macho ya leo utaona mechi ya watu wazembe, ila angalia sheria walizochezea. Kila timu ikifunga kikapu cha kawaida, mpira unarudi katikati ya uwanja, refa anaurusha juu, wale warefu wawili wanaruka tena. KILA kikapu! Wachezaji wote wanatembea kurudi na saa inaendelea kukimbia, kwa hiyo kwenye zile dakika arobaini kuna nyingi tu zinaliwa na kutembea. Hiyo sheria ilidumu mpaka 1937. Ndo maana nafasi ya senta inaitwa senta mpaka leo, maana kazi yake ilikuwa kusimama pale katikati na kuruka, siku hizi anakaa chini ya ringi ila jina limebaki lile lile.

Alafu hakukuwa na saa ya shambulizi, ile inayokulazimisha kurusha mpira kikapuni kabla muda haujaisha, wala ule mstari wa kati unaokulazimisha kuvuka ndani ya sekunde kumi, huo umekuja miaka ya 1930. Ukiongoza pointi tatu unaushika mpira, mnapasiana taratibu, na refa hana cha kukufanya. Mpira wenyewe ulikuwa na kamba za kufungia kama kiatu, ukidunda juu ya kamba unaenda unakotaka wenyewe. Na mitupo ya adhabu ilikuwa inarushwa na mtu mmoja aliyechaguliwa na timu, hata kama fauli kachezewa mwingine, hiyo ikaondolewa miaka ya 1920. Kwa hiyo ukikuta kwenye karatasi za zamani jamaa mmoja ana pointi nyingi kuliko wenzake wote, kabla hujasema huyu alikuwa moto, angalia ngapi zilitoka kwenye mitupo ya adhabu.

Sasa mimi nilitaka wale vijana waone kwa macho. Jioni ile tukacheza dakika ishirini kwa sheria ya kuruka kila kikapu. Tuna kijana mmoja mrefu sana, mikono mirefu, akawa anaugonga mpira kwenda kwa mwenzie kila mara, timu yake inafunga, inarudi katikati, anaruka tena, inafunga tena, wenzao hawajaushika mpira karibu dakika nne nzima! Point gadi wao, yaani yule anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi, mtoto mwepesi kuliko wote pale, amesimama tu mikono kiunoni. Mpaka filimbi ya mwisho timu zote mbili kwa pamoja hazikufika pointi ishirini, na hawa ni vijana wanaojua kufunga vizuri.

Msimu uliofuata Kansas wakampa timu Phog Allen, aliyewahi kuchezea chini ya Naismith, kijana wa miaka 22, akachukua ubingwa wa kwanza wa ligi ya Missouri Valley, 1908. Naismith yeye akabaki hapo hapo chuoni anafundisha mpaka 1937, mwaka ule ule ile sheria ya kuruka ilipofutwa.

Kansas na Missouri waliacha kukutana kwenye mechi za msimu 2012 Missouri walipohamia ligi nyingine, wakarudiana Desemba 2021 kule Lawrence, Kansas 102, Missouri 65. Yule kijana wa mafunzo akajumlisha zile za 1907 kwenye simu, 34 na 31, akaniangalia. Sitini na tano. Timu mbili nzima za 1907 ni sawa na Missouri peke yao siku waliyopigwa.