51 Pegasi: nyota inayoonekana Uganda, sayari isiyoonekana

Katikati ya Novemba, saa mbili usiku, nyota iitwayo 51 Pegasi hupita juu sana katika anga la Uganda, ikiegemea kidogo kaskazini. Haing'ai sana. Ukiwa Kampala, taa za jiji zitaimeza. Ukiwa Karamoja, ambako wakati huo mvua huwa zimepungua na giza ni giza kweli, mwenye macho mazuri ataiona bila darubini, mradi tu hakuna mbalamwezi. Tafuta kwanza nyota nne za mraba mkubwa wa kundinyota la Farasi. Tunayoitaka iko nje kidogo ya ubavu wa magharibi wa mraba huo, karibu nusu ya njia kati ya pembe na pembe.

Nyota hii inafanana sana na Jua letu: inalizidi uzito kidogo tu, na nuru yake husafiri miaka 50 hivi mpaka itufikie. Tarehe 6 Oktoba 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza huko Florence, Italia, kwamba ina sayari inayoizunguka. Hiyo ndiyo sayari ya kwanza kugunduliwa kwenye nyota ya aina ya Jua, na ugunduzi huo uliwapatia nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2019.

Wanafunzi hutuuliza: waliionaje sayari iliyo mbali hivyo? Hawakuiona. Walichokiona ni nyota kuyumba. Mzazi akimshika mtoto mikono na kumzungusha, yeye mwenyewe hulazimika kuegemea nyuma na kuzunguka kaduara kadogo; ndivyo sayari inavyoivuta nyota yake. Nyota inapotujia, mawimbi ya nuru yake hubanana na kusogea upande wa buluu. Inapotuacha, hutanuka na kusogea upande wa nyekundu. Kwa macho hutaona tofauti yoyote, lakini chombo kilichofungwa kwenye darubini ya Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa, kiliweza kupima kwamba 51 Pegasi huja na kurudi kwa kasi ya mita 56 hivi kwa sekunde, na kwamba mwendo huo hujirudia kila baada ya siku 4.2.

Siku nne! Utaridi, iliyo karibu na Jua kuliko sayari nyingine zote, hulizunguka kwa siku 88. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote, huchukua karibu miaka 12. Na sayari hii mpya ilikuwa na uzito wa karibu nusu ya Mshtarii. Jitu la namna hiyo linafanya nini kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi? Wengi walitia shaka, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Ndipo wanaastronomia wa Marekani, Geoffrey Marcy na Paul Butler, walipoielekezea nyota hiyo darubini ya Lick, California, na baada ya siku chache tu wakapata vipimo vile vile. Leo wataalamu wengi wanaona kwamba sayari kubwa huumbika mbali, penye gesi na barafu tele, kisha baadhi yao husogea ndani kuelekea nyota zao.

Hapa nawaomba wasomaji wawe makini. Picha za bahari na milima ya sayari za mbali zinazosambazwa WhatsApp ni michoro ya wasanii. Kuyumba kwa nyota hutupa muda wa mzunguko na uzito wa chini kabisa ambao sayari inaweza kuwa nao; hakusemi neno juu ya maji wala uhai. Anayekwambia "Dunia nyingine imepatikana", muulize ilipimwa kwa njia gani.

Njia ya pili ni kuangalia nyota ikififia sayari inapopita mbele yake. Sayari ya ukubwa wa Mshtarii hupunguza nuru ya nyota kama Jua kwa takriban asilimia 1. Darubini ya TESS ya NASA, iliyorushwa angani mwaka 2018, inafanya kazi hiyo, na vipimo vyake hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi wa Soroti au Mbarara mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuvipakua, kuchora grafu ya nuru ya nyota na kupima mwenyewe kila mfifio umechukua saa ngapi na unajirudia baada ya siku ngapi.