Ditekta Haina Namba ya Dhahabu

Jumatatu iliyopita mzee mmoja alipiga hodi kwangu akiwa na vijana wawili na mfuko mrefu wa turubai, na kabla hajamaliza maji niliyompa nilikwisha kujua atasema nini. Ndani ya mfuko mlikuwa na ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, ya mitumba, ambayo ukoo mzima ulichanga fedha kuinunua, na ombi lake lilikuwa lile lile ambalo nimeletewa na wavuvi, walimu na hata mwanasheria mmoja: "Mwanangu, tuoneshe namba ya dhahabu ni ipi, ili tusihangaike kuchimba vitu vingine." Nilimjibu kwa heshima anayostahili, lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu familia ile ilikuwa imekwisha kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Namba ya dhahabu haipo, haijawahi kuwapo katika mashine yoyote niliyoishika, na nimechoka kuona watu wakiuziwa.

Kazi yangu ni kubeba ditekta katika magofu ya pwani pamoja na timu za akiolojia, chini ya vibali, na kuweka alama mahali penye mlio kabla ya wachimbaji hawajaanza kazi. Nitaeleza mashine inavyofanya kazi, kwa sababu mtu akishaelewa hili hahitaji kunisumbua mimi wala mganga.

Ndani ya koili, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, mna nyaya za aina mbili. Za kwanza hupitisha mkondo unaobadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na hivyo kuzalisha uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikutana na kitu kinachopitisha umeme, huzusha ndani yake mikondo midogo inayozunguka, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake dhaifu, ambao nyaya za pili huupokea. Kinachopimwa ni mambo mawili tu: ukubwa wa jibu, na muda ambao jibu hilo linachelewa nyuma ya uga ulioliamsha. Namba inayoonekana kwenye kioo ni tafsiri ya huko kuchelewa, na katika maelezo yote haya dhahabu haijatajwa hata mara moja.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ni kweli kwamba kuchelewa kwa jibu kunategemea jinsi metali inavyopitisha umeme, na dhahabu safi hupitisha umeme vizuri sana, ikizidiwa na fedha na shaba tu. Kutokana na ukweli huo mtu huhitimisha kwamba dhahabu itasoma juu, karibu na fedha, na kwamba ipo nafasi yake maalumu. Hitimisho hilo linasahau kwamba kuchelewa kunategemea pia ukubwa wa kitu, unene wake, umbo lake, jinsi kilivyolala ardhini na kiasi kilicholiwa na kutu. Dhahabu ya pete haiko safi, na pete yenyewe ni nyembamba, basi namba yake hushuka hadi katikati, mahali pale pale panapokaa vipande vya alumini. Chembe ndogo ya dhahabu hushuka zaidi, hadi kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, na mara nyingine hadi kwenye chuma. Mkufu mwembamba unaweza kupita chini ya koili karibu kimyakimya, kwa sababu mashine huona kila pingili yake kama kitu kidogo kinachojitegemea. Metali moja, basi, inaweza kusoma mahali patano tofauti, na mahali pamoja panaweza kukaliwa na metali tano.

Mzee hakuniamini, na sikumlaumu. Nilitandika mkeka uani, mbali na mabati, nikaweka juu yake pete ya ndoa ya mke wangu na kipande cha sufuria kuukuu nilichokikata na kukipinda hadi kikawa na ukubwa wa kucha. Pete ilisoma 54. Kipande cha sufuria kilirukaruka kati ya 53 na 55. Mzee akachukua ditekta mwenyewe, akapitisha koili mara nne, polepole, kisha nikavifunika vyote viwili kwa kanga na kumwomba anioneshe pete iko wapi. Alionesha sufuria. Kijana wake alipojaribu akapatia, alipojaribu tena akakosea, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya maneno mengi.

Kisha nikaweka pesa ya shaba ya Sultan Barghash, ile ya mwaka 1299 Hijria yenye picha ya mizani, niliyoachiwa na bibi yangu. Ilisoma juu kabisa, mlio safi. Nikaweka misumari mitatu ya bati kando yake, na mlio ukavunjikavunjika hadi mtu asiye na uzoefu angeupuuza na kuendelea na safari yake. Chuma humfunika jirani yake, na hakuna kitufe kinachoweza kuondoa hali hiyo kikamilifu. Wanaowasha kichujio ili wasisikie takataka wanafuta pamoja nazo sarafu nyembamba za shaba zilizoliwa na kutu, ambazo katika uzoefu wangu ndizo nyingi kuliko zote katika magofu yetu.

Kuhusu kina nitasema kwa ufupi. Kwa ditekta ya kawaida, sarafu moja iliyo sentimita 20 chini ya ardhi tayari ni kazi, na iliyo sentimita 30 ni bahati. Nguvu ya jibu la kitu kidogo hupungua kwa kasi mno: umbali ukiongezeka mara mbili, jibu linaweza kushuka hadi sehemu moja ya 64. Udongo mwekundu wenye chuma kingi hupiga kelele wenyewe na kupunguza kina zaidi, na mchanga uliolowa maji ya bahari vivyo hivyo, ilhali udongo wa mawe ya matumbawe ni mtulivu na unasaidia. Mashine za mapigo, zinazotuma uga wake kwa vipigo vifupi badala ya mfululizo na ambazo wachimbaji wadogo wa dhahabu huzipenda, hustahimili udongo mbaya na hushuka chini zaidi, lakini uwezo wake wa kutofautisha metali ni mdogo hata kuliko wa hizi nyingine. Anayekuahidi sarafu katika kina cha mita tano anasema uongo.

Na uongo mkubwa zaidi ni wa zile fimbo za antena zinazouzwa kwa jina la mashine za masafa marefu, ambazo eti huelekea zenyewe upande wenye dhahabu hata kilomita moja mbali. Mwaka 2013 mahakama jijini London ilimhukumu James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza kifaa cha aina hiyo kiitwacho ADE 651, ambacho aliwauzia watu wa Iraki kama kitambua mabomu. Kilikuwa antena iliyofungwa kwenye mpini, na asili yake ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Watu walikufa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kukiamini. Fimbo ya dhahabu haiui kwa namna ile, lakini inamaliza akiba za watu wasio na akiba ya pili.

Nimesema "dhahabu" mara nyingi, na kila Mtanzania anajua ni dhahabu ipi inayotafutwa: ya Mjerumani, inayosemwa kwamba ilifukiwa ardhini wakati wa vita. Hadithi hii ina mbegu ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita na bila njia ya kuletewa fedha kutoka kwao, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli Tabora, zenye tembo na mlima, wakitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa takriban 16,000, kila moja ikiwa na gramu 7 na ziada kidogo. Ukifanya hesabu utaona kwamba zote kwa pamoja hazifiki kilo 120, na kwamba zingeenea katika ndoo moja ya lita 20. Tena zilitengenezwa ili zitumike, nazo zikatawanyika mikononi mwa watu. Ndoo hiyo moja, iliyokwisha kumwagwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndiyo inayochimbiwa mashimo kuanzia Kigoma hadi Lindi.

Katika kijiji kimoja nilioneshwa shimo refu kuliko mtu, lililochimbwa chini ya kile walichokiita alama ya Mjerumani. Nilipoona mabaki ya zege pembeni moyo uliniuma. Ilikuwa bikoni ya wapima ardhi, nguzo ya kuonesha mpaka. Ndani yake hufungwa nondo, ditekta ikalia kwa sababu ya nondo hiyo, na namba ikawa ya juu, kwa kuwa chuma kikubwa au chenye umbo la bapa au duara huweza kudanganya na kusoma kama fedha. Walikuta nondo, wakaamini kwamba ni mlinzi wa hazina, wakazidi kuchimba. Sasa kijiji hakina bikoni na mipaka ya mashamba inagombewa.

Kinachoniuma zaidi katika imani ya namba ya dhahabu ni kwamba hata pale dhahabu inapopatikana kweli, thamani yake haiko katika metali. Mwaka 1984, wakati wa uchimbaji wa kiakiolojia Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilipatikana zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapa kwetu. Sarafu hizo hazina mwaka. Upande mmoja zina jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yenye vina kama beti. Pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali, ambazo zina miaka inayosomeka, na ni hizo chache zilizowezesha fungu zima kuwekwa katika karne ya 11. Fikiria mtu angefika mapema, akachukua dhahabu tu na kwenda kuiyeyusha kwa sonara: angepata pesa ya miezi michache, na sisi tungebaki na majina ya watawala wasio na wakati.

Shaba nayo ina lake. Katika mji wa kale wa Songo Mnara, karibu na Kilwa, sarafu za Kilwa zimepatikana ndani ya nyumba na pia kwenye makaburi, zikiwa zimewekwa na watu waliokuja kuwakumbuka wafu wao. Sarafu ni ile ile, nyembamba, ya kijani, isiyozidi sana ukucha wa dole gumba, lakini iliyo kaburini inasimulia jambo lingine kabisa. Ukishaing'oa na kuitia mfukoni, zote mbili zinakuwa kitu kimoja, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuzitenganisha tena.

Nina mashaka yangu pia. Kuna miraba ya uchimbaji niliyoikagua mara mbili na kutangaza kuwa ni mitupu, kisha chekeche la wenzangu likatoa sarafu tatu, na tangu hapo sisemi tena kwamba mahali hapana kitu. Husemwa pia kwamba kitu kikikaa muda mrefu ardhini, chumvi za kutu yake hulowesha udongo na kukifanya kisikike kikubwa zaidi. Kwa chuma nimeona dalili za jambo hilo, lakini kwa shaba sijapata jaribio langu mwenyewe lililonitosheleza, ingawa huwa naliona likisemwa kama jambo lisilo na shaka.

Sheria nitaitaja tu. Tanzania Bara inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na kuzuia uchimbaji wa kiakiolojia bila leseni. Kenya inayo sheria ya 2006, ambayo mpaka wake ni 1895. Video mnazoniletea za Waingereza wakichimba mashambani zinahusu nchi yenye utaratibu wake, ambako mchimbaji huomba ruhusa ya mwenye shamba na hutakiwa kutoa taarifa ya hazina chini ya sheria ya 1996. Haziwapi ruhusa Kilwa.

Mzee aliondoka na ditekta yake, na nilimshauri aiuze kwa bei yoyote. Akiwa mlangoni alitoa mfukoni sarafu moja ya kijani iliyofungwa katika kitambaa, iliyotoka katika shamba la mnazi la mama yake, akasema alitaka kuisugua kwa ndimu na majivu ili ing'ae. Nilimzuia mkono. Ndimu hula maandishi pamoja na kutu, na maandishi ndiyo sarafu yenyewe. Tuliifunga katika karatasi kavu, tukaandika juu yake jina la shamba, ni upande gani wa kisima na kina cha jembe lililoitoa, na kesho asubuhi tunakwenda pamoja kuipeleka kwa afisa wa mambo ya kale.